Mlango Unaoonekana na Soko Zima

Sindo ni mji ambao mtu haupiti bila kuulizwa habari za nyumbani. Anayeshuka kwenye matatu kutoka Mbita ameshaonekana na mwendesha bodaboda, na mama anayegeuza omena juani, na kijana wa kibanda cha M-Pesa. Kabla hajafika anakokwenda, habari yake imefika. Mji huu wa Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, una ziwa upande mmoja na vilima vya Gwassi upande mwingine, na barabara inayoteremka hadi Magunga na kuendelea Karungu, kaunti ya Migori. Watu wanajuana kwa majina, kwa koo na kwa madeni.

Sasa tuseme daktari wa magonjwa ya akili anataka kufungua kliniki yake binafsi hapa. Swali litakalomkosesha usingizi si la dawa, kwa kuwa dawa nyingi za msingi zimekuwapo kwa miongo mingi na hazina bei ya kutisha. Litakuwa swali la mlango. Mlango utazame barabara au uwe nyuma ya jengo? Kibao kiandikwe nini? Nani akae mapokezi? Atakavyojibu ndivyo wagonjwa watakavyochujwa hata kabla yeye hajavaa koti. Atakayekuja, atakayetuma nduguye badala yake, atakayepanda basi la usiku kwenda Nairobi akisema anakwenda harusini: wote hao watakuwa wameamuliwa na sura ya kliniki.

Daktari huyo hataanza na ukuta mweupe. Ukuta umeshachorwa na wengine, tena zamani.

Katika Afrika Mashariki, hospitali za akili zina bahati mbaya ya majina yao kugeuka matusi. Mkenya akitaka kumkejeli mwenzake humuuliza ametoroka lini Mathare. Mtanzania wa bara ana Mirembe ya Dodoma, Mganda ana Butabika. Na Mnguja akiambiwa kwamba nafasi yake ni Kidongo Chekundu, anajua hakuelekezwa mtaa. Ni nadra kwa hospitali ya moyo au ya macho kupata heshima ya namna hiyo. Jina la hospitali ya akili huondoka kwenye ramani, likaingia katika mizaha ya watoto wa shule, na huko ndiko mgonjwa wa kesho analijulia kwa mara ya kwanza.

Mathari yenyewe (hospitali huandikwa kwa i, ingawa watu hutamka kama mtaa jirani) ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Hiyo peke yake inatosha kueleza fikra iliyoizaa: ugonjwa wa akili uwekwe pale palipowekwa ugonjwa wa kuambukiza, mbali na watu. Wodi zilitenganishwa kwa rangi, Wazungu kwao, Waafrika kwao. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers, ambaye mwaka 1953 aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo kama Mzungu anavyoitumia. Nadharia hiyo ilikwisha kuzikwa na wataalamu, lakini sura ya jengo haikuzikwa nayo. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kali kuhusu namna serikali ilivyoutelekeza mfumo mzima wa afya ya akili. Mei 2013 wagonjwa 40 wakatoroka Mathari kwa mkupuo mmoja. Magazeti yalifurahia habari ile kuliko ilivyostahili, na mzaha wa kutoroka ukapata ushahidi.

Matibabu ya kulipia ya akili nchini Kenya yalikua kwa kuikimbia picha hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni kituo alichoanzisha Dkt. Frank Njenga jijini Nairobi. Ndiye aliyeongoza jopo la taifa la afya ya akili ambalo ripoti yake ya 2020 ilipendekeza tatizo hilo litangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kituo kiliitwa Chiromo Lane. Litazame jina hilo vizuri. Halina neno akili, halina neno wazimu, halina hata neno la kuashiria ushauri. Ni jina la njia. Mtu aliweza kumwambia bosi wake kuwa yuko Chiromo Lane, na bosi akadhani ni mkutano.

Kuna anayeliona hilo kuwa ujanja wa biashara. Ni ujanja kweli, lakini wenye maana ya kitabibu. Anayeogopa kuonekana huchelewa, na ugonjwa wa akili, kama jipu, haupoi kwa kufichwa. Jina lisilosema kitu humfikisha mtu mlangoni mapema. Shida ni kwamba sura nzuri haimwaliki kila mtu kwa sauti moja. Bustani iliyofyekwa, viti vya ngozi, karani anayezungumza kama wa benki: kwa mhasibu wa Nairobi mwenye bima, hivyo ni ishara za usalama. Kwa mvuvi wa Sindo aliyevaa ndara, ni ishara kwamba hapo si kwake, na hata bei ikipunguzwa hataingia. Watu husoma bei kwenye zulia kabla hawajaisoma kwenye risiti.

Jambo hili lilipimwa kwingine zamani. Mwaka 1958 mwanasosholojia August Hollingshead na daktari wa akili Fredrick Redlich walichapisha utafiti wao wa mji wa New Haven, Marekani, wakionyesha kuwa tabaka la mgonjwa lilitabiri aina ya tiba aliyopewa. Wenye nacho waliketi na madaktari binafsi wakazungumza kwa miezi. Maskini walipewa vidonge, mishtuko ya umeme, au kufungiwa tu katika hospitali za serikali. Miaka sita baadaye mwanasaikolojia William Schofield alimchora mgonjwa ambaye watabibu hupenda kumpokea: kijana, mwenye mvuto, msemaji, mwerevu, aliyefanikiwa. Kwa maneno mengine, mtu anayefanana na tabibu mwenyewe. Huko huko Marekani, hesabu za 2009 na 2010 zilionyesha kuwa karibu asilimia 55 tu ya madaktari wa akili walikubali bima binafsi, ilhali madaktari wa fani nyingine walikuwa karibu asilimia 89. Walioweza kulipa taslimu waliwatosha.

Kenya haijafika huko, kwa sababu iliyo chungu zaidi: wa kuchaguana hawapo. Mkaguzi Mkuu wa Serikali alipokagua huduma hizi mwaka 2017, alikuta hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne kwenda juu zikitoa huduma ya afya ya akili. Katika mazingira ya namna hiyo kliniki ya mtu binafsi si kitu cha anasa. Mara nyingi ndiyo mlango pekee ulio wazi, na ndiyo maana sura yake ina uzito kuliko ya hoteli au saluni.

Turudi Sindo, ambako daktari wetu wa kufikirika ana washindani asiowakuta katika kitabu chochote cha chuo.

Kwa Kidholuo, ambacho Wasuba wengi wa leo wanakizungumza kuliko lugha ya mababu zao, kuna janeko, yaani kichaa, na neno hilo halina daraja. Mtu ni janeko au si janeko. Lakini lugha hiyo hiyo ina kuyo, huzuni inayokaa, na parruok, mawazo yanayozunguka kichwani bila kutua. Mjane wa Magunga mwenye kuyo haoni uhusiano wowote kati yake na janeko anayeokota karatasi sokoni. Kibao kikiandikwa kwamba hapa hutibiwa magonjwa ya akili, yeye atakisoma kuwa ni cha yule wa sokoni. Hata dalili zake zikiwa zinatibika kabisa, anuani si yake.

Kisha kuna sababu za ugonjwa. Aliyevunja mwiko hupatwa na chira. Anayesikia sauti huenda ameingiwa na juogi, yaani pepo. Usiku nyawawa wanapopita kutoka ziwani, watu hupiga sufuria na mabati ili roho hizo zisiingie nyumbani, na asubuhi hakuna anayeona haya kusimulia. Kila maelezo yana mlango wake. Kanisa la Legio Maria, lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina makao yake Got Kwer, kaunti ya Migori, na tangu mwanzo limejulikana kwa maombi ya kutoa mapepo. Mgonjwa anayepelekwa kwenye maombi haendi kwa kificho. Huenda mchana, na nguo nyeupe, akisindikizwa na wimbo. Hapo ndipo daktari anaposhindwa vibaya: mlango wa kanisa humpa mgonjwa jamaa wa kumsindikiza, wake humnyang'anya.

Mganga naye ana faida nyingine. Nguzo za stima katika miji ya Kenya zimebandikwa vikaratasi vya waganga kutoka mbali, Kitui au Tanga, wanaoahidi kurudisha mume, kufungua biashara na kuponya wazimu, nambari ya simu chini. Daktari hawezi kufanya hivyo. Kanuni za maadili za Baraza la Madaktari zimembana kwa muda mrefu katika suala la kujitangaza, na kwa sababu njema. Matokeo yake ni kwamba asiye na leseni hupiga kelele, mwenye leseni hunong'ona, na mgonjwa aliyechanganyikiwa hufuata sauti anayoisikia.

Yote haya yanazaa safu ya wagonjwa yenye umbo la ajabu: wengi pembeni, wachache katikati. Pembeni ya kwanza wako wanaoletwa kwa kamba. Kijana amevunja vyombo, amelala nje wiki nzima, ametishia kumpiga baba. Kaka zake wanamfunga mikono na kumpakia kwenye gari la probox. Familia hii haina tena cha kuficha, mtaa mzima umeona. Pembeni ya pili wako wenye nauli, wanaotibiwa Kisii, Kisumu au Nairobi, mbali na macho ya mtu anayemjua shangazi yao. Katikati ndiko kwenye kundi kubwa linalokosekana: mwalimu asiyelala, mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita na hataki kumshika mtoto, mvuvi aliyerudi na mashua bila mwenzake, mstaafu anayekunywa tangu saa moja asubuhi.

Hao wa katikati hawakai nyumbani. Wanakwenda kemisti. Wanasema wana kichwa, tumbo linawaka, moyo unadunda, miguu haina nguvu. Wanapewa dawa ya malaria, baada ya wiki mbili dawa ya taifodi, baadaye ya alsa, kisha mtu anapima presha. Kila kitu kinatibiwa isipokuwa kile kinachouma. Wanalipa pia, na wakijumlisha, pengine wamekwisha kulipa ada ya daktari wa akili mara tatu.

Daktari mwenye akili ya biashara ataliona pengo hilo upesi, na hapo hukutana na kishawishi ambacho hakizungumzwi sana. Wa katikati wanaogopa kukaa benchi moja na wa kamba. Probox moja ikifika Jumatatu asubuhi na makelele, kazi ya miezi sita ya kuwashawishi walimu waje inafutika. Basi njia rahisi ni kuwakataa wa kamba. Si kwa maneno makali: mtu anaambiwa tu kwamba kliniki haina vitanda, kwamba hospitali ya kaunti ina vifaa zaidi. Bango hubaki safi, wateja wanaongezeka, na anayehitaji daktari kuliko wote anarudishwa barabarani. Hapo ndipo sura ya kliniki inapoacha kuwa rangi ya ukuta na kuwa uamuzi wa kitabibu, ingawa hakuna faili ambamo umeandikwa.

Kuna kundi jingine ambalo hulibadilisha benchi bila daktari kukusudia. Kliniki nyingi za akili za eneo hili hupokea wagonjwa wa kifafa, ndulme kwa Kidholuo, kwa kuwa hakuna daktari wa mishipa ya fahamu karibu na dawa zinapatikana kwa mtu huyo huyo. Ni wagonjwa waaminifu, hurudi kila mwezi, na wakipata nafuu inaonekana kwa macho: mtoto haanguki tena motoni. Hao ndio watangazaji bora ambao kliniki inaweza kuwapata bila kuvunja kanuni. Lakini wanaibatiza pia. Ikishajulikana kuwa ni kwa watu wa kifafa, mwalimu asiyelala anapata sababu nyingine ya kupita mbali.

Homa Bay imeshawahi kulipitia somo hili, kwa ugonjwa mwingine. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hii wakiishi na virusi vya UKIMWI, dhidi ya 4.9 kitaifa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi katika hospitali ya Homa Bay mwaka 1996 na kuanzia 2001 likatoa dawa za kupunguza makali bure, wakati wengi bado wakiuita ugonjwa ule chira. Baadaye serikali ilizipa kliniki hizo jina lisilo na harufu yoyote, kituo cha huduma kamili, likafupishwa kwa Kiingereza kuwa herufi tatu tu: CCC. Haikuchukua muda. Herufi zile tatu zikawa ndizo ugonjwa wenyewe. Kusema fulani ameonekana CCC kukatosha. Watu wa Mbita wakaenda kuchukua dawa Homa Bay, wa Homa Bay wakaenda kwingine, na magari ya abiria yakabeba siri zilizopishana njiani.

Kwa hiyo jina la kuficha lina umri. Linasaidia mpaka siku mtaa unapolifasiri, na katika mji wa kiasi cha Sindo mtaa haukawii. Kilichosaidia zaidi katika UKIMWI ni wingi na mchanganyiko: dawa zilipoanza kutolewa katika zahanati nyingi, na mgonjwa akaingia kwa mlango ule ule wa mtoto mwenye mafua, benchi lilipoteza uwezo wa kusema. Mwelekeo huo huo unawezekana kwa akili. Wako maafisa wa kliniki waliosomea fani hii katika vyuo vya KMTC, na wauguzi wa akili, ambao wanaweza kuketi katika kliniki ya kawaida ya magonjwa yote. Mgonjwa anakuja kwa presha, kweli anapimwa presha, halafu anaulizwa analalaje. Sura ya mahali hapo ni ya kawaida hadi inachosha, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Nigeria ilijaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1954 daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa Aro, karibu na Abeokuta, katika nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, wakienda hospitali mchana tu. Kwetu, daktari wa akili Prof. David Ndetei na taasisi yake walikaa na waganga, wachungaji na wahudumu wa afya wa Makueni ili wapelekeane wagonjwa. Jambo la maana pale si kwamba mganga aligeuzwa daktari. Ni kwamba mgonjwa alitoka mlango mmoja kwenda mwingine akiwa amesindikizwa, kama yule wa kanisani mwenye nguo nyeupe. Kliniki binafsi ya Sindo ikiwa na mchungaji mmoja tu anayeweza kusema madhabahuni kwamba maombi na sindano havigombani, imepata kibao ambacho hakuna baraza lenye kanuni ya kukipima urefu.

Sheria nayo imekuwa ikichora sura kimya kimya. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia iliyomkuta kijana amekunywa sumu ya kupe ilimwogopa polisi kabla ya kifo, na kliniki ya kulipia ikawa kimbilio la wenye uwezo kwa sababu haikuwa na kituo cha polisi akilini mwa watu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalikwisha kuzikataza kampuni za bima kumbagua mgonjwa wa akili. Kwa mwajiriwa wa kaunti hilo lina maana. Kwa mwenye mashua anayelipwa kwa samaki, bima ya kibinafsi bado ni habari ya redioni, naye hupima kliniki kwa swali moja: nikikosa pesa leo, huyu daktari atanikopesha kama muuza nyavu anavyonikopesha?

Halafu kuna karani wa mapokezi. Daktari anaweza kutoka Nairobi, akawa mgeni asiyejua ukoo wa mtu, na kwa ugeni huo akaaminiwa. Karani hatatoka Nairobi. Atakuwa binti wa hapa, aliyesoma na nusu ya wagonjwa, aliyeolewa na binamu wa nusu nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, ila haijui chochote kuhusu kisima, kanisa na chama cha akina mama. Wagonjwa wa Sindo watamuuliza karani huyo swali ambalo hawatamuuliza daktari: nani anaandika majina?

Na mwisho wa ziara mgonjwa atalipa kwa simu, kama anavyolipia mafuta ya taa. Ujumbe wa M-Pesa utaingia ukiwa na kiasi, saa na jina la biashara iliyopokea pesa, na utakaa humo hadi jioni mume au mama mkwe atakapoiazima simu apige nambari. Ndiyo maana daktari aliyetumia mwezi mzima kuwaza kibao cha mlangoni afadhali aanze na jina aliloandikisha kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa, kwa sababu kibao husomwa na wapita njia, na jina lile hulala na mgonjwa chini ya mto.